Cheni ipi kwa kazi ipi: ulinganisho wa cheni za msumeno wa injini

Msumeno mdogo wenye cheni inayofaa humaliza gogo huku mkubwa wenye cheni isiyofaa ukiendelea kunguruma na kutoa unga. Hata hivyo wanunuzi wengi husema urefu wa bapa tu, "nipe ya inchi 16", na kurudi kesho yake kwa sababu cheni haiingii, au imeingia lakini inachomoka. (Bapa hapa ni kile chuma kirefu ambacho cheni hukizunguka.)

Uchaguzi una sehemu mbili. Ya kwanza ni vipimo, na hapo hakuna hiari: cheni ama inaoana na mashine ama haioani. Ya pili ni umbo la meno, wingi wake na pembe ya kunoa. Hiyo huamuliwa na mti ulio mbele yako, hasa usafi wake na upande unaoukata.

Vipimo vitatu visivyo na mjadala

*Pichi* ni wastani wa nafasi kati ya ribiti na ribiti, zile pini zinazounganisha vipande vya cheni. Pima kutoka katikati ya ribiti moja hadi katikati ya ribiti ya tatu, kisha gawa kwa mbili. Pichi ya cheni lazima ilingane na ya gia inayoizungusha na ya kigurudumu kilicho kwenye ncha ya bapa. Ukifunga cheni ya pichi ya inchi 0.325 kwenye gia ya inchi 3/8, meno hayakai kwenye nafasi zake: cheni inaruka, inalia, na ndani ya muda mfupi imeharibu gia na yenyewe.

*Geji* ni unene wa meno ya kuvuta, yale ya chini yanayopita ndani ya mfereji wa bapa. Unene wa kawaida ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6. Cheni nene kuliko mfereji haiingii, basi kosa hilo hujulikana papo hapo. Kosa la kinyume ndilo la hatari, kwa kuwa cheni ya 1.3 huingia vizuri tu kwenye mfereji wa 1.5. Inazunguka, lakini imelala ubavu, inakata upande na inaula mfereji. Mtu hunoa na kunoa akidhani kosa liko kwenye meno.

*Idadi ya meno ya kuvuta* ndiyo urefu halisi wa cheni. Bapa mbili za inchi 16 kutoka kwa watengenezaji wawili zinaweza kutaka cheni ya meno 55 na ya meno 57. Weka alama ya chaki kwenye jino moja, hesabu hadi urudi palepale. Ni kazi ya dakika moja.

Kama maandishi ya bapa yamefutika, tazama cheni ya zamani. Kampuni ya Oregon hugonga namba kwenye meno ya kuvuta: 91 ni 3/8 fupi ya milimita 1.3, 20, 21 na 22 ni 0.325 za milimita 1.3, 1.5 na 1.6, na 72, 73 na 75 ni 3/8 ya kawaida kwa unene huohuo kwa mpangilio. Kampuni ya Stihl hugonga namba ya pichi kwenye kipima kina, kile kinundu kilicho mbele ya kila jino: 2 ni 0.325, 3 ni 3/8, 4 ni 0.404, na 6 ni 3/8 fupi.

Hiyo 3/8 fupi ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Jina linafanana na la 3/8 ya kawaida, lakini meno yake ni mafupi na membamba, gia yake ni nyingine na tupa yake ni nyingine. Haziazimani.

| Pichi | Msumeno unaoifaa | Tupa ya duara (mm) | Kina cha kukata (mm) |
|---|---|---|---|
| 1/4 | midogo ya kupogoa, mingi ya betri | 3.2 au 4.0 | 0.45–0.65 |
| 3/8 fupi | hadi karibu cc 45, ya umeme na betri | 4.0 | 0.65 |
| 0.325 | cc 40 hadi 60 | 4.8 | 0.65 |
| 3/8 ya kawaida | cc 50 hadi 90 na kidogo zaidi | 5.2 au 5.5 | 0.65 |
| 0.404 | cc 90 na zaidi, na mashine za kuvunia miti | 5.5 | 0.75–0.80 |

Mipaka ya injini hupishana kidogo. Penye tupa za vipimo viwili, fuata boksi la cheni, maana watengenezaji hawakuchonga meno yao sawasawa.

Kuna msumeno wa kati unaoweza kubeba 0.325 au 3/8 ukibadilisha gia, bapa na cheni kwa pamoja. Je, ifaa? Jino la 0.325 ni dogo, huchukua kidogo kidogo, na injini ya cc 50 huliendesha bila kuchoka. Mkato wake huwa laini. Jino la 3/8 huchukua pande kubwa na hutaka nguvu. Lifunge kwenye injini dhaifu, na kila ukilikandamiza mzunguko unashuka. Wengi hudhani meno makubwa ni kasi, wakasahau kwamba cheni hukata kwa mwendo wake, na mwendo hutoka kwenye injini.

Patasi kamili na nusu patasi

Hapa ndipo pesa na jasho vinapopotea.

Chukua jino, ulitazame kutoka mbele. Kama bati la juu na ubavu vinakutana kwa pembe kali kama kona ya boksi, hiyo ni patasi kamili. Kama kona imeviringishwa, ni nusu patasi. Tofauti ni ya milimita chache, lakini ile kona ndiyo inayotangulia kuukata mti. Inatenganisha nyuzi, kisha bati la juu linanyanyua maranda. Kona ikiisha, jino zima limekwisha hata kama makali ya bati la juu yangali yanang'aa.

Kwenye mti mbichi, safi, laini au wa ugumu wa kadiri, patasi kamili haina mpinzani. Inazama yenyewe kwa uzito wa msumeno na kutoa maranda makubwa. Anayeangusha misonobari siku nzima na kukata magogo yasiyogusa ardhi hana sababu ya kutumia kitu kingine.

Lakini kona kali ni nyembamba, na chuma chembamba huliwa haraka. Mchanga kwenye gome, udongo wa gogo lililoburutwa, masizi ya mti ulioungua, au mti mkavu wa miaka: chochote katika hivyo huila kona hiyo mapema. Msaji una silika ndani ya mbao yenyewe, kwa hiyo hata gogo safi kabisa huifanya cheni kuwa butu. Hapo nusu patasi huongoza. Inaanza polepole kidogo, lakini kona yake ya mviringo husambaza msuguano kwenye eneo pana, hivyo hubaki na makali muda mrefu zaidi. Ukihesabu kazi ya siku nzima pamoja na kusimama kunoa, kwenye mti mchafu au mgumu nusu patasi ndiyo inayomaliza mapema.

Kisha kuna mkono wa mnoaji. Nusu patasi husamehe. Ukikosea pembe kwa nyuzi (digrii) tatu au nne, au tupa ikashuka kidogo, bado itakata. Patasi kamili haina huruma: tupa ikikaa chini mno, ubavu unachimbika na kuwa kama ndoana, jino linakwama na kutetemeka, ikikaa juu mno, makali yanalala nyuma na jino linateleza juu ya mti. Ipo pia patasi kamili yenye makali ya mraba, inayonolewa kwa tupa yenye pembe badala ya ya duara. Ni ya kasi mno kwenye mti safi, na ni ya mafundi waliobobea. Asiyejua kuinoa atakuwa ameinunua kwa matumizi ya mara moja.

Kwa hiyo anayekata mchanganyiko, leo kuni kavu, kesho mti ulioanguka, keshokutwa tawi lenye vumbi, achukue nusu patasi asitazame nyuma. Patasi kamili iwe cheni ya pili, ya siku za mti msafi.

Meno yote, au ruka moja

Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon, Marekani, alimtazama buu wa mbawakawa akitafuna mti kushoto na kulia, na mwaka 1947 akaanza kuuza cheni yenye meno ya namna hiyo: moja la kushoto, moja la kulia, kwa zamu. Cheni za leo bado hufuata mpangilio huo. Kinachobadilika ni nafasi kati ya jino na jino.

Katika mpangilio kamili, kati ya meno mawili ya kukata kuna kibati kimoja kitupu, yaani kiungo kisicho na jino. Cheni yenye meno 72 ya kuvuta ina meno 36 ya kukata. Katika mpangilio wa kuruka kuna vibati viwili vitupu, na cheni hiyohiyo inabaki na meno 24. Katikati kuna wa nusu kuruka, ambao hupokezana kibati kimoja na viwili.

Kwenye bapa fupi, chini ya sentimita 50, usihangaike: mpangilio kamili. Mkato ni laini, na mtetemo ni mdogo. Ukiweka ya kuruka kwenye bapa fupi, wakati fulani meno yaliyo ndani ya mti huwa machache mno na kila moja hugonga badala ya kutafuna. Ukikata tawi jembamba utalisikia likitingishika mkononi.

Mambo hubadilika bapa ikivuka karibu sentimita 60 na ikizama yote ndani ya gogo. Maranda yana njia moja ya kutoka: yabebwe kwenye nafasi kati ya meno hadi nje. Gogo likiwa pana, nafasi hizo hujaa kabla ya kufika nje, maranda yanasagwa kuwa unga, cheni inapata moto na injini inazama. Mpangilio wa kuruka hupanua nafasi na kupunguza mzigo kwa theluthi. Injini inapumua. Gharama yake ni mkato wenye mikwaruzo, jambo lisilomsumbua mtu anayekata kisiki. Una pia faida ambayo mnoaji huishukuru jioni: meno 24 badala ya 36.

Kukata gogo na kupasua mbao

Ukikata gogo kwa kukingama, jino hukatiza nyuzi kwa upande wake, na pembe ya bati la juu ya nyuzi 25 hadi 35, mara nyingi 30, hufanya kazi hiyo vizuri. Ukipasua gogo kwa urefu, kwa fremu ya kupasulia mbao, kila jino linakutana na vichwa vya nyuzi, uso kwa uso. Pembe ya 30 hapo hulivuta jino upande, linapokezana na mwenzake kuvuta kushoto na kulia, na ubao unatoka na mistari mirefu kana kwamba umepitishwa reki.

Cheni ya kupasulia hunolewa kwa nyuzi 10, au karibu na hapo. Makali yake yanakaribia kuwa mraba, yanaparura vichwa vya nyuzi sawasawa na kuacha uso laini unaohitaji kazi ndogo ya randa. Unaweza kuinunua tayari, au ukaigeuza cheni ya kawaida kwa kuinoa nyuzi 10. Usijaribu kuondoa nyuzi zote 20 kwa mkupuo: kila unaponoa, shuka kidogo, maana kubadilisha pembe hula chuma kingi. Na ukishaigeuza, iache huko. Cheni ya nyuzi 10 kwenye kukata gogo kwa kukingama ni polepole na yenye mtetemo.

Kupasua ndiyo kazi nzito kuliko zote kwa msumeno. Injini hukaa kwenye kasi ya juu dakika nyingi mfululizo. Chini ya cc 70 utapasua magogo madogo tu, na kwa subira. Kwenye bapa ndefu, pampu ya mafuta ya msumeno mara nyingi haitoshi kufikisha mafuta hadi ncha. Wapasuaji huongeza kichupa cha mafuta kinachodondosha upande wa ncha. Moshi ukianza kutoka kwenye mfereji, au bapa ikageuka buluu mahali, mafuta hayafiki. Mwisho wa kila mkato iache injini izunguke polepole nusu dakika kabla ya kuizima, ipoe.

Kuna aina moja ya kupasua isiyohitaji cheni hii. Ni pale unapolaza pande la gogo na kulikata huku bapa ikiwa sambamba na nyuzi, ili kugawa kuni nzito. Hapo cheni ya kawaida huchana nyuzi ndefu kama tambi, na kazi huenda kasi ajabu. Shida yake ni moja: tambi hizo hujisokota na kujaza nafasi ya gia nyuma ya kifuniko. Msumeno ukianza kubadilisha mlio, zima injini, fungua kifuniko, zitoe zote. Ukiendelea, zitaziba njia ya mafuta.

Kupogoa, na cheni za kupunguza teke

Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa kitu huku cheni ikizunguka, jino hunasa na msumeno wote unaruka juu na nyuma kuelekea usoni. Teke hilo huja haraka kuliko mkono unavyoweza kujibu.

Cheni za kupunguza teke zina mwinuko wa ziada, kwenye kibati au kwenye jino la kuvuta, unaojaza pengo mbele ya kipima kina cheni inapopinda kwenye ncha, hivyo jino halipati nafasi ya kuchukua pande kubwa. Kwa mtu mpya na kwa anayepogoa katikati ya matawi yanayogusana, hii ndiyo cheni. Pichi ya 1/4 au 3/8 fupi, geji ya 1.1 au 1.3, nusu patasi. Cheni nyembamba huchimba mfereji mwembamba kwenye mti, na betri hudumu zaidi.

Hasara yake huonekana unapotaka kuzamisha ncha katikati ya shina: mwinuko uleule unaizuia, na kazi huwa nzito. Anayeangusha miti mikubwa kwa mbinu hiyo hutumia cheni isiyo na mwinuko na kutegemea ujuzi na breki ya cheni. Kupunguza teke pia si kuliondoa. Ukivishusha vipima kina kwa tupa kupita kiasi ili cheni "iume" zaidi, umeirudisha hatari yote.

Meno ya kabaidi

Kwa visiki vyenye udongo, mizizi, na kazi za uokoaji ambako waokoaji hukata paa na kuta, kuna cheni yenye vipande vya kabaidi, kitu kigumu kuliko chuma, kwenye meno. Hustahimili mchanga kwa namna ambayo chuma cha kawaida hakiwezi. Lakini tupa haiigusi. Inanolewa kwa jiwe la almasi. Kabaidi pia ni ngumu bila kunyumbuka, na cheni ambayo haikutengenezwa kwa uokoaji inaweza kupasuka meno ikigonga msumari au jiwe. Bei yake ni mara kadhaa ya cheni ya kawaida. Kwa anayekutana na udongo mara mojamoja, ni nafuu kusugua gome kwa brashi ya waya mahali pa kukata na kuwa na nusu patasi mbili mfukoni.

Kabla ya kuilaumu cheni

Dalili kadhaa hufanana na za cheni isiyofaa, kumbe cheni ni sahihi. Unga laini badala ya maranda ni makali yaliyokwisha, au vipima kina vilivyo juu mno. Mkato unaopinda upande mmoja ni meno ya kushoto na kulia kutofautiana urefu, au ukingo wa bapa kuliwa upande mmoja. Msumeno unaokamata na kuruka ni vipima kina vilivyoshushwa kupita kiasi. Vipime kila baada ya kunoa mara tatu hivi, kwa kipimo cha chuma na tupa pana, kisha uviringishe tena ukingo wa mbele wa kila kimoja.

Cheni mpya iloweke kwenye mafuta ya cheni kabla ya kuifunga, izungushe bila kukata kwa dakika chache, zima, iache ipoe, kaza tena. Usiikaze ikiwa ya moto halafu ukaiacha hivyo, maana ikipoa hufupika na kuvuta beringi za injini. Ikikaa sawa, huvutika kwa mkono bila kukwama na haining'inii chini ya bapa.

Gia nayo huliwa pamoja na cheni. Ukifunga cheni mpya kwenye gia yenye makovu ya nusu milimita, meno ya kuvuta ya cheni hiyo mpya yataharibika kufuata makovu hayo. Ndiyo maana wakataji hununua cheni mbili au tatu za aina moja na kuzizungusha kwa zamu juu ya gia moja, ziliwe kwa pamoja, na mwishoni kubadilisha gia na cheni zote mara moja. Bapa nayo igeuzwe juu chini kila unapobadilisha cheni.